Mbegu ya miwa toka Pawaga nimeipanda Kilolo imekosa utamu, shida ni vinasaba au shamba? Na muwa mwekundu kweli una damu?

Kinyungu_Kilolo

Kamwene wadau. Niende moja kwa moja kwenye jambo. Nina mashine ya kukamua juisi ya miwa hapa Iringa mjini, naiweka jirani na eneo linaloitwa Mashine Tatu, huu mwaka wa tatu. Siku zote miwa nilikuwa naifuata Pawaga kwa pikapu, na miwa ya kule hata hujaweka tangawizi wala ndimu mtu anamaliza glasi anaomba nyingine. Sasa nauli na ushuru vikawa vinanila, nikasema mbona nyumbani Kilolo nimeachiwa kinyungu na baba, yaani kashamba ka bondeni, kina maji mwaka mzima, kwanini nisipande mwenyewe.

Mwaka juzi mwezi wa 11 nikabeba pingili za miwa ileile, kwa mkulima yuleyule ninayenunua kwake, nikapanda bondeni, samadi nikaweka ya kutosha. Ikaota vizuri kweli, majani ya kijani mpaka majirani wakaja kuomba mbegu. Mwaka jana mwezi wa 12 nikakata, ilikuwa na miezi 13, na Pawaga huwa wanakata kwenye 12 hivi. Aisee maji matupu. Mteja wangu wa kila siku kanywa kidogo karudisha glasi, kaniuliza umeanza kuchanganya na maji ya bomba? Iliniuma sana maana sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

Sasa kuna jamaa anauza mbegu kaniambia mbegu yangu damu yake imeharibika kwa kuhamishwa, ning'oe yote nipande yake, miwa myekundu, anasema ina madini ya chuma kwa wingi kuliko ya kijani na inaongeza damu, bei yake mara tatu ya kawaida. Na ni kweli kina mama wajawazito huwa wanakuja wanaulizia "ule muwa mwekundu wa damu". Mimi sitaki kumuuzia mtu uongo. Kwaiyo naomba anayejua anisaidie, vinasaba vya muwa vinaweza kubadilika ukiuhamisha mkoa mmoja sehemu mbili tofauti? Na kuna mbegu ya miwa ambayo kweli ina virutubisho zaidi ya nyingine au ni maneno ya biashara?

Mdau_Ipogolo

Mkuu mbegu ikihamahama inachoka. Hata viazi ndo hivyohivyo, misimu mitatu minne inakuwa midogo. Badilisha mbegu tu.

Ticha_Mafinga

Mkuu Kinyungu using'oe kwanza nakuomba. Nafundisha baiolojia sekondari na nyumbani kwetu tunalima miwa, hili jambo nalipenda sana kwaiyo nivumilie nitaandika marefu.

Kwanza muwa hatuupandi kwa mbegu ya punje kama mahindi, tunapanda pingili, jicho la kwenye pingili ndo linachipua. Maana yake muwa wako wa Kilolo na ule wa Pawaga sio ndugu, ni mmea uleule mmoja uliokatwa vipande ukaota sehemu mbili, vinasaba vilevile kabisa. Kuhamisha pingili kutoka Pawaga mpaka Kilolo hakubadilishi jeni hata moja. Mdau hapo juu amesema mbegu inachoka, na kitu anachokiona ni cha kweli, ila sababu sio vinasaba kuchoka, ni magonjwa yanayojikusanya ndani ya mbegu mwaka hadi mwaka, kwenye viazi ni virusi na bakteria na kwenye miwa kuna bakteria anaufanya muwa uwe mfupi na mwembamba, anasambazwa na panga. Lakini wewe umesema miwa imeota minene na kijani, kwaiyo sidhani kama ndo shida yako.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Utamu wa muwa hauna jeni moja ambayo ukiwa nayo unakuwa mtamu usipokuwa nayo unakuwa chapwa. Ni jeni nyingi sana kila moja inachangia kidogo. Kuna zinazotengeneza sukari kwenye majani, kuna zinazoisafirisha kushuka kwenye shina, kuna zinazotoa kimeng'enya cha kuivunja ile sukari ili mmea uitumie kukua, na hicho kimeng'enya kinakuwa kingi kwenye pingili changa na kinapungua zikikomaa, ndo maana shina la chini tamu na kilele hakina ladha.

Na muwa una vinasaba vya ajabu, sijui kama kuna zao la chakula linaufikia kwa kuchanganya kichwa. Sisi binadamu tuna kromosomu 46, yaani zile nyuzi zinazobeba jeni, mahindi 20. Muwa wa asili mtamu, ule mnene laini uliotokea New Guinea, una 80. Ndugu yake wa porini, mwembamba, mgumu kama tete na sukari kidogo, anaanzia 40 mpaka 128 kutegemea ametoka wapi. Miwa mingi tunayoiona mashambani leo ni machotara wa hao wawili, kromosomu zao ni kati ya 100 na 130, sehemu kubwa kama asilimia 80 imetoka kwa yule mtamu na iliyobaki kwa wa porini au ni vipande vya wote wawili vilivyoungana. Kwaiyo jeni moja unaikuta ina nakala hata kumi, nyingine za mtamu nyingine za porini, zote zinafanya kazi pamoja. Kuisoma DNA yake kulichukua muda mrefu kwasababu hiyo, jenomu ya aina ya R570 ambayo ilizalishwa kisiwa cha Réunion ilitoka kwa ukamilifu wake mwaka 2024 tu, wakati ya binadamu watu walishaanza kuisahau.

Kwanini walichanganya na wa porini? Magonjwa. Kule Java mwishoni mwa miaka ya 1800 miwa mitamu ilikuwa inakufa, ndo watafiti wakaanza kuoanisha muwa mtamu na wa porini, mtoto akatoka mgumu mwenye nguvu ila sukari imeshuka, wakamrudisha tena kwa mtamu, na tena, mpaka mwaka 1921 wakatoa aina inaitwa POJ 2878 ambayo ilienea karibu dunia nzima. India nao kituo cha Coimbatore walifanya hivyohivyo. Hata ile NCo 376 iliyolimwa sana Kilombero, hiyo Co ni Coimbatore na N ni Natal kule Afrika Kusini. Yaani muwa unaotafuna leo una mababu wachache sana walewale.

Sasa angalia, miaka yote hiyo zaidi ya 100 mzalishaji mbegu alikuwa anachagua nini? Sukari, uzito wa shamba, kuvumilia magonjwa. Hajachagua madini ya chuma. Tena niseme jambo ambalo wengi hawalijui, kiwandani madini mengi kwenye juisi hasa potasiamu ni hasara kwao, yanazuia sukari isigande ikawa chembe, inabaki kwenye molasesi, ule uji mzito mweusi unaobaki. Kwaiyo kile ambacho mteja wako anakiita virutubisho kwa kiwanda ni kero. Ndo maana sukari nyeupe haina kitu zaidi ya sukari yenyewe hata iwe imetoka kwenye muwa wa rangi gani, na molasesi wanayopewa ng'ombe ndo imebeba madini, na sukari guru inabaki nayo kiasi kwasababu haitenganishwi.

Aina za miwa zinatofautiana kweli kwenye uwezo wa mizizi kuvuta madini, zipo zinazovuta potasiamu zaidi, zipo zinazovuta silika zaidi na hizo zinakuwa na ganda gumu kidudu kinachotoboa shina kinapata tabu. Lakini udongo na mbolea vina sauti kubwa sana hapo. Muwa hauwezi kutengeneza chuma, unachota kilichopo ardhini.

Rangi nyekundu au zambarau ni rangi ya ganda, ni kemikali ileile ya familia moja na ya kabichi nyekundu. Ganda hulinywi. Kamua muwa mwekundu na wa kijani uweke glasi pembeni kwa pembeni uone, juisi zote zinaanza njano ya kijani alafu zinakuwa kahawia zikikaa, hiyo ni hewa tu inafanya kazi kama parachichi lililokatwa.

Kuhusu shamba lako nadhani najua shida ila nisubiri wakulima wazoefu waseme. Swali moja, kinyungu kilikuwa na maji mpaka siku unakata?

Kinyungu_Kilolo

Ticha ubarikiwe, nimesoma mara mbili. Ndio maji yalikuwepo mpaka siku ya kukata, tena nilikuwa najisifia, mfereji unapita katikati. Na mwezi wa 10 niliongeza urea kidogo nikijua nainenepesha.

Mzee_wa_Usangu

Kijana hapo umejibu mwenyewe.

Nimelima miwa huku Mbarali tangu nikiwa mdogo, na mpunga pia. Muwa ukipata maji na urea haujui kama unatakiwa kukomaa, unaendelea kukua tu, sukari yote inayotengenezwa inaliwa na majani mapya na pingili mpya. Muwa unakuwa mtamu ukiteswa kidogo. Sisi huku mvua zikikata mwezi wa 5 mfereji tunaufunga, wiki sita mpaka nane kabla ya kukata muwa hauoni maji ya kumwagilia. Na urea unamaliza muwa ukiwa mdogo, miezi mitatu minne ya mwanzo, baada ya hapo usiiguse. Pawaga ni hivyohivyo, joto, alafu kiangazi kirefu, huyo mkulima wako hata asipojua anasaidiwa na hali ya hewa. Wewe umekata mwezi wa 12 mvua zimeshaanza, muwa umeamka unachipua upya, hapo hata mbegu ya peponi isingekuwa tamu.

Jambo la pili ni umri. Umehesabu miezi kama ya Pawaga lakini muwa hauhesabu miezi, unahesabu joto. Kilolo kuna baridi, mwezi wa 6 na wa 7 muwa unasimama kabisa. Ndugu yangu alifanya kazi mashamba ya miwa Afrika Kusini, kule tambarare zenye joto na umwagiliaji wanakata kwenye miezi 12, wakipanda sehemu za juu zenye baridi wanaacha miezi 18 mpaka 24. Muwa wako wa miezi 13 wa Kilolo ni mtoto.

Namna ya kujua bila mashine yoyote, kata muwa mmoja, tafuna pingili ya chini, ya katikati, na ya juu chini kidogo ya majani. Kama ya chini tamu na ya juu maji, bado. Zikikaribiana utamu, umekomaa, leta panga. Na ukishakata kamua siku hiyohiyo au kesho yake, ukilala siku tatu nne juani utamu unaondoka na uchachu unaingia.

Ticha_Mafinga

Shikamoo mzee. Hicho kipimo chako cha kutafuna ndo kilekile wanachofanya watafiti kwa kifaa kinaitwa rifraktomita, unadondosha tone la juisi unaangalia kwenye mwanga kinakupa namba ya Briksi, yaani kipimo cha sukari kwenye juisi, wanalinganisha ya juu na ya chini wanataka zifanane. Kinyungu ukipata hela kinunue, kwa biashara yako ni cha maana sana, utanunua miwa kwa namba na sio kwa maneno ya muuzaji.

Kwa hiyo vinasaba vinaweka dari, shamba ndo linaamua utafika wapi chini ya hiyo dari. Na upande wa pili pia upo, kuna aina hata uzifunge maji miezi miwili hazikomai mapema, vinasaba vyake ni vya kuchelewa. Kwa Kilolo wewe unataka aina inayokomaa mapema na kuvumilia baridi. Waulize TARI Kibaha, ndo kituo cha utafiti wa miwa cha nchi, sisi wa nyanda za juu tumezoea kukimbilia Uyole lakini kwa miwa ni Kibaha. Hata ukipata aina mpya panda mstari mmoja tu pembeni ya ile ya Pawaga, kinyungu kilekile, siku ileile, ndo utajua tofauti ni ya mbegu kweli.

Nesi_Tukuyu

Jamani niruhusuni niongee kuhusu hiyo damu maana hili linanigusa sana. Niko kliniki ya wajawazito huku Rungwe. Nimewaona kina mama wanakuja damu iko chini, ukimuuliza vidonge vya fefo, vile vya madini ya chuma, umekunywa anakwambia niliacha vinanichafua tumbo, nakunywa juisi ya miwa myekundu. Mwingine anasema ni mwezi mzima. Tunapima tena, damu ileile au imeshuka. Na mimba haisubiri, huyo mama akifika kujifungua akapoteza damu kidogo tu anaingia hatarini wakati mwingine asingepata shida yoyote.

Juisi ya miwa ina chuma kidogo sana hata iwe ya muwa wa rangi gani. Inachojaza ni sukari. Chukulia juisi yenye sukari asilimia 14, glasi ya mililita 250 ina gramu kama 35, hivyo ni karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya namna hii isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu anayekula kalori 2000 ni gramu 50. Glasi mbili umeshapita. Na kuna wajawazito sukari inapanda wakati wa mimba bila wao kujua.

Damu inatoka kwenye maharage, dagaa, nyama, mboga za majani, na fefo zenu jamani mnazopewa kliniki. Fefo zikisumbua tumbo rudi tuongee, unaweza kuzinywa usiku baada ya chakula. Na chai msinywe pamoja na chakula, najua huku kwetu chai ndo maisha na mashamba yametuzunguka, lakini chai inazuia chuma kisiingie mwilini, iache isogee saa moja au mbili. Ile ndimu anayokamulia Kinyungu ndo yenye faida kwenye hiyo glasi, vitamini C inasaidia chuma cha maharage kiingie.

Kaka Kinyungu nimependa ulivyosema hutaki kumuuzia mtu uongo. Mama akija kuulizia muwa wa damu muuzie juisi kama kiburudisho, alafu mwambie fefo asiache. Wewe unaongea nao kila siku, mimi nawaona mara moja kwa mwezi.

Msafiri_Tunduma

Mimi naulizia kidogo, mbona sukari ya Zambia huku mpakani mfuko wake umeandikwa ina vitamini A? Si ina maana miwa yao ina vitamini?

Ticha_Mafinga

Hapana mkuu, hiyo inaongezwa kiwandani baada ya sukari kutengenezwa. Zambia waliweka huo utaratibu mwaka 1998 kwasababu watoto wengi walikuwa na upungufu wa vitamini A, na sukari inafika nyumba nyingi. Muwa wenyewe hauhusiki. Kwenye mahindi ndo walifanikiwa kupitia vinasaba, yale ya njano iliyokolea ya vitamini A yalipatikana kwa kuoanisha na kuchagua, kwasababu kwenye mahindi tofauti ya kuchagua ilikuwepo tayari na mahindi yana kromosomu 20 tu sio 120. Muwa kupata aina moja mpya tangu kuoanisha mpaka kumpa mkulima ni miaka 10 mpaka 15, unaanza na maelfu ya miche unabakiwa na mmoja au wawili.

Kinyungu_Kilolo

Wakuu nimerudi. Dada nesi nimekusikia, nimewaambia hata vijana wangu wawili wa kwenye mashine, neno "inaongeza damu" tumelifuta leo, na fefo tutawakumbusha.

Sasa kuna jambo. Yule jamaa wa mbegu jana aliniletea pingili ishirini za ule mwekundu nijaribu, kanionesha kapasua moja akasema unaona mpaka ndani ni nyekundu ndo damu yenyewe hiyo. Na kweli ndani una mabaka mekundu marefu yanafuata urefu wa muwa, katikati ya wekundu kuna vipande vyeupe vimekatiza. Nikanusa ukawa na harufu kama pombe ya kienyeji. Hii ni kawaida ya aina hiyo?

Ticha_Mafinga

Mkuu simama hapohapo. USIPANDE. Muwa mzima uwe mwekundu au wa kijani nje, kwa kawaida ndani ni mweupe au njano ya krimu. Wekundu wa ndani wenye vipande vyeupe vya kukatiza na harufu ya uchachu ni ugonjwa wa kuoza, unaletwa na kuvu, unaua mashamba makubwa huko India mpaka leo. Angalia pia kama kuna kitundu kwenye ganda, wakati mwingine kidudu kikitoboa njia yake inakuwa nyekundu pia, lakini hiyo ya vipande vyeupe na harufu naiogopa zaidi. Kwa vyovyote hiyo sio mbegu. Ukiipeleka kwenye kinyungu chenye maji mfereji utausambaza mpaka kwa majirani waliokuomba mbegu.

Choma zote, usitupe shambani wala usimpe ng'ombe mabaki yakaangukia kwenye samadi. Panga lililokata lioshe kwa sabuni kisha lipitishe kwenye moto. Na kama umezikamua kwenye mashine, osha rola kwa maji ya moto kabla ya kuweka miwa mingine.

Mzee_wa_Usangu

Na mwambie huyo jamaa pia, inawezekana hajui, shamba lake linakufa.

Kinyungu_Kilolo

Nimezichoma jioni hii, zote ishirini, panga nimelipitisha kwenye mkaa. Nimempigia akabisha sana, alafu akanyamaza, akaniuliza huyo ticha anapatikana wapi.

Kinyungu changu sing'oi. Nimeacha mistari minne sijakata, jumamosi naenda Kilolo nafunga mfereji upande mmoja, upande mwingine nauacha kama ulivyo, nitaonja kila wiki mbili chini katikati na juu mpaka mwezi wa 8. Kwa sasa narudi kununua Pawaga.

Nesi_Tukuyu

Ndaga fijo kaka. Ukimaliza kuonja uje utuambie, na mimi nina mashina manne nyuma ya nyumba huku Tukuyu, mvua haikati, hayajawahi kuwa matamu hata siku moja.